Garaji tatu za Lubumbashi na Mercedes moja ya zamani



Ukurasa huu unawapeleka kila juma mahali fulani pa mji wetu. Tumekwisha kutembea sokoni, hospitalini na kwenye ofisi za komine. Juma hili tunawapeleka mahali ambapo wengi wetu tunapita mbali, kwa sababu tumezoea kusema ni mambo ya wanaume: garaji.

Sababu ya safari ni hii. Mwenzetu mmoja wa likelemba alifiwa na bwana wake mwaka jana. Marehemu alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, watoto wanne, na motokari Mercedes E 320 ya mwaka 2004, nyeusi, viti vya ngozi. Kila Jumamosi motokari hiyo inabeba maharusi, na makuta yake ndiyo yanalipa minervali ya watoto. Mwezi wa saba mambo matatu yalianza kwa pamoja. Asubuhi alikuta motokari imelala upande mmoja kama mtu aliyeumia mguu. Taa nyekundu ya freni ikawaka. Na njiani bwate ya vitesi ikakataa kubadilika, motere ikalia sana lakini mwendo ukabaki wa polepole. Alituomba tumsindikize kutafuta fundi. Tukaenda wanne, na safari ikachukua siku tano.

Mji wa motokari zinazotoka mbali

Lubumbashi ni mtoto wa njia ndefu. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika hapa kwa ajili ya shaba, na mji ukazaliwa kwa jina la Élisabethville. Mpaka leo, ukiangalia dohani kubwa ya Gécamines na kile kilima cheusi cha masalio kando yake, unakumbuka kwamba shaba inakwenda mbali na vitu vyetu vinatoka mbali.

Motokari ni hivyo hivyo. Zingine zinashushwa bandarini Dar es Salaam, zinapanda mpaka Tunduma, zinapita Zambia na kuingia Kasumbalesa, karibu kilomita 100 toka hapa mjini. Zingine zinatoka upande wa Afrika Kusini, zingine Dubai, zingine Ulaya. Mara nyingi zinapofika kwetu zimekwisha kufanya miaka kumi au kumi na tano kazini. Iliyokuwa motokari ya mkurugenzi kule, hapa inakuwa ya mfanyabiashara, na mwishoni inakuwa ya harusi.

Hapa kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo. Motokari kubwa ikizeeka, bei ya kuinunua inashuka, lakini bei ya piesi zake haishuki. Unaweza kununua Mercedes ya zamani kwa bei ya motokari ndogo, lakini siku ikiugua, inataka dawa ya kitajiri. Fundi mwema analijua hilo na anakuonea huruma. Fundi mbaya analijua pia, na kwake ndiyo mlango wa kuingilia.

Tena mji wetu unasaidia maneno yake. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa ni vumbi jekundu. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, ni mashimo na maji. Fundi akikuambia kwamba njia zetu zimeharibu kila kitu, nusu ya maneno yake ni kweli. Kazi yetu ilikuwa kuitafuta nusu ile ya pili.

Garaji ya kwanza: vigae na kahawa

Garaji ya kwanza iko katikati ya mji. Hatutaitaja jina. Chini ni vigae vyeupe, kuna televisheni, na kijana mwenye shati safi alitupokea kwa heshima: "Maman, karibuni, mkae." Tulipewa kahawa. Waliingiza motokari ndani, wakachomeka ile mashine wanayoita valizi, inayosoma makosa kwenye kompyuta ya motokari. Sisi hatukuruhusiwa kuingia.

Baada ya saa moja walituletea devi yenye mistari 13. Ilisema hivi: kompresere ya upepo, miguu minne ya upepo, bwate nzima ya okazyo, pompu ya freni, plaketi na diski za freni kwa pine zote nne, mkanda wa distribisyo, buji 12, mafuta ya motere litri 8 na filtri yake, batri mbili, kuosha motere kwa ndani, kusafisha injekta, mafuta ya freni, na filtri ya hewa. Jumla dola 4,150.

Mwenzetu alinyamaza. Ndipo mkubwa wa garaji akatoka ofisini, akakaa karibu naye, akasema kwa sauti ya pole: "Maman, motokari hii imekwisha. Ukiona makuta ni mengi, usijisumbue. Tuachie sisi. Tunakupa dola 1,500 leo hii."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye alitusindikiza, akatikisa kichwa kukubali. "Yaya, uza. Motokari si mambo ya wamama."

Wamama, sikilizeni vizuri. Devi ndefu si mara zote inatengenezwa ili ulipe. Mara nyingine inatengenezwa ili uogope. Mtu anayekuambia kwamba kitu chako hakina thamani tena, na dakika ile ile anataka kukinunua, amekwisha kukujibu yeye mwenyewe.

Mwenzetu hakusaini kitu. Aliomba mambo mawili tu: devi iliyoandikwa mstari kwa mstari, kila mstari na bei yake, na karatasi ya makosa ambayo valizi ilisoma. Walisitasita kidogo, kisha wakatoa. Tukashukuru kwa kahawa, tukaondoka.

Garaji ya pili: chini ya mwembe

Siku ya pili tulivuka kwenda Katuba. Pale, chini ya mwembe, anafanya kazi papa mmoja mzee aliyetengeneza motokari za kampuni ya madini mpaka pensheni. Hana vigae wala kahawa. Ana benchi la mbao, vijana wawili, na redio. Alisoma devi yetu mara mbili bila kusema neno. Kisha akamwuliza mwenzetu: "Mama, kitabu cha motokari kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya kisanduku cha mbele, kwa Kifaransa, hakijawahi kufunguliwa. Papa alisema maneno ambayo tumeyaandika: "Kitabu hiki hakitafuti komisyo." Tukakaa naye, tukapita mistari yote 13 mmoja mmoja.

Mkanda wa distribisyo kwanza. Kuna motere ambazo ndani yake zinatumia mkanda wa mpira, na mkanda huo lazima ubadilishwe kwa wakati wake, la sivyo motere inaweza kufa. Lakini motere ya E 320 hii inatumia mnyororo wa chuma. Mkanda tunaouona mbele tukifungua kapo ni mwingine, unazungusha alternatere na pompu ya maji. Kwa hiyo tulikuwa tunatozwa piesi ambayo motokari haina. Mstari huo peke yake ulitufundisha namna ya kusoma ile mingine.

Halafu buji 12. Mmoja wetu alicheka kwa hasira: motere ina silinda sita, buji 12 za nini? Papa akamtuliza. Motere hii ina buji mbili kwa kila silinda. Sita mara mbili ni 12. Hakuna wizi hapo. Litri 8 za mafuta pia ni kweli. Motokari ndogo inakunywa litri 4, lakini hii ina motere kubwa na inataka 8. Na batri mbili? Ni kweli ziko mbili: kubwa iko nyuma kwenye kofri, ndogo iko mbele. Papa akachukua kipimo chake. Batri kubwa ilionyesha volti 12.6, maana yake imejaa. Ndogo ilikuwa chini ya 12 na haikushika moto tena. Tukaandika: moja ndiyo, moja hapana.

Kwa hiyo neno linaloshangaza si lazima liwe uongo, na neno la kawaida si lazima liwe kweli. Kukasirika peke yake hakutoshi, sawa na kuogopa peke yake. Lazima kitu kipimwe.

Ile miguu ya upepo ndiyo iliyotufurahisha zaidi, kwa sababu kipimo chake kilikuwa mikononi mwetu. Motokari hii haikai juu ya springi za kawaida. Inakaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, na kompresere ndiyo inayoijaza. Papa alimwambia mwenzetu: "Mama, jioni pima kwa vidole nafasi iliyo kati ya pine na bodi, kila upande. Asubuhi pima tena kabla ya kuwasha." Tukafanya hivyo. Jioni pande zote vidole vinne. Asubuhi tatu zilibaki vidole vinne, na ya mbele kushoto haikuingia hata kidole kimoja.

Tukarudi Katuba. Papa akaomba maji ya sabuni, ile ile ya kufulia nguo, akamimina juu ya mfuko wa mbele kushoto. Mapovu yakatoka hapo hapo, madogo madogo, kama mtoto anayecheza. Pande zingine tatu, hakuna. Mguu mmoja umetoboka, si minne. Na kompresere? Ilikuwa inajaza bado, ila inafanya kazi mchana kutwa kwa sababu ya mfuko unaovuja. Ukiziba tundu, inapumzika. Ukinunua kompresere mpya na kuacha tundu, ile mpya nayo itachoka.

Bwate ya vitesi ilikuwa mstari wa bei kubwa kuliko yote. Kijana mmoja aliingia chini na taa. Mafuta yalikuwa yanavuja pale ambapo waya za kompyuta zinaingia ndani ya bwate. Kuna plagi ya plastiki pale, yenye vipete vya mpira. Mpira ukizeeka, mafuta yanapenya, yanapanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya bwate, na bwate inajifunga kwenye vitesi moja ili isijiumize. Papa alimwaga mafuta kidogo kwenye kitambaa cheupe. Yangekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji ya radiatere yameingia, na hapo ni msiba. Yangenuka kuungua na kubeba vipande vya chuma, bwate ingekuwa imekwisha kweli. Haya yalikuwa yamezeeka tu. Dawa yake: plagi mpya, kusafisha waya, mafuta mapya na filtri. Papa alituambia kwamba mafundi wengi walifundishwa kuwa mafuta ya bwate hii ni ya maisha. "Maisha ya nani?" akauliza. "Yangu au ya bwate?"

Mistari mingine ilipita haraka. Filtri ya hewa aliitoa mbele yetu na kuigonga chini: vumbi lote la kiangazi cha Lubumbashi likaanguka. Ibadilishwe, na bei yake ni ndogo. Kuosha motere kwa ndani: alifungua kifuniko cha mafuta, chini yake ni safi, hakuna uchafu mzito. Katika motere ya zamani, dawa kali inaweza kubomoa uchafu na kuupeleka kuziba njia za mafuta. Hapana. Kusafisha injekta: motere inawaka vizuri, haikohoi, haili esanse kupita kawaida. Hapana.

Kisha tukafika kwenye freni, na papa akaweka vyombo vyake chini. "Hapa mimi nasimama. Sina mashine ya hii, na sitaki damu ya mtu."

Fundi anayekuambia mahali anapoishia ni wa kumweka moyoni.

Garaji ya tatu: freni haibembelezwi

Papa mwenyewe alitutuma kwenye garaji moja upande wa Chaussée de Kasenga, inayofanya kazi ya Mercedes na ina valizi ya Mercedes yenyewe. Pale walituacha tuingie ndani na kuona skrini.

Mercedes za aina hii zilizotengenezwa miaka ya mwanzo zina freni za ajabu. Ukikanyaga, kompyuta inasoma mguu wako, na pompu ya umeme ndiyo inayosukuma mafuta kwenye pine. Mwaka 2004, na tena mwaka 2005, kampuni iliita motokari nyingi sana za namna hii zirudi ziangaliwe. Toka mwaka 2006 ikaacha mfumo huo na kurudi kwenye freni za kawaida. Pompu hiyo inahesabu: kila ukikanyaga, inaandika. Hesabu ikifika kikomo, karibu mara 300,000, taa nyekundu inawaka kukuambia wakati wake umefika. Yetu ilikuwa imefika. Kwa hiyo mstari wa pompu, ambao sote tulitamani uwe uongo, ulikuwa kweli.

Tena kuna hatari nyingine. Hata kubadilisha plaketi tu, lazima mfumo uzimwe kwanza kwa mashine, kwa sababu pompu inaweza kujisukuma yenyewe na kuponda vidole vya fundi. Ndiyo maana papa wa Katuba alikataa, na alikuwa na haki.

Sasa ndipo shemeji akasema ana rafiki anayeweza kufuta ile hesabu kwa dola 100 tu. Taa itazimika, motokari itatembea. Tulimwuliza fundi wa garaji. Alijibu bila kuzunguka: "Inawezekana. Taa itazimika. Pompu itabaki ile ile."

Tulikaa kimya. Dola 100 mbele ya dola mia nyingi, na mwezi wa tisa watoto wanarudi shuleni. Mwenzetu ndiye aliyekata shauri. "Jumamosi ninabeba bibi harusi wa mtu, na mama yake, na watoto wadogo wa maua. Siwezi kuzima taa na kuwaambia panda." Tukumbuke basi kwamba udanganyifu wa garaji una nyuso mbili. Kuna wa kukuuzia usichohitaji, na kuna wa kukuuzia kwa bei ndogo kitu kinachoficha ugonjwa. Huu wa pili unapendeza zaidi, ndiyo maana unaua.

Pompu mpya kabisa ilikuwa juu ya uwezo wetu. Fundi alitafuta iliyotengenezwa upya, yenye garanti ya maandishi ya mwaka mmoja. Tuliomba kabla ya kulipa tuone hesabu yake kwenye skrini. Tuliiona. Plaketi za mbele zilikuwa nyembamba, zikabadilishwa. Za nyuma bado zilikuwa nene. Diski zina unene wa mwisho uliochapwa juu yake. Zilipimwa mbele yetu, bado zilikuwa juu ya kipimo hicho. Mafuta ya freni yalibadilishwa, kwa sababu yanavuta maji toka hewani na kitabu kinasema kila miaka miwili.

Hesabu ya mwisho

Tulirudi na daftari, tukaketi nyumbani kwa mwenzetu. Katika mistari 13 ya garaji ya kwanza, mitano ilikuwa kweli kabisa: pompu ya freni, buji, mafuta ya motere, mafuta ya freni na filtri ya hewa. Minne ilikuwa nusu kweli: mguu mmoja badala ya minne, batri moja badala ya mbili, plaketi za mbele tu, na plagi ya bwate badala ya bwate nzima. Minne haikuwa na kazi: kompresere, mkanda, kuosha motere na kusafisha injekta.

Wote pamoja, garaji mbili na piesi, tulilipa dola 1,870. Si makuta madogo. Likelemba ilibadilisha zamu ili mwenzetu apokee kabla ya wakati wake, na mama aliyekuwa na zamu alikubali mwenyewe. Tunamshukuru hapa bila kumtaja, kama alivyoomba.

Lakini swali kubwa halikuwa dola ngapi tumeokoa. Lilikuwa: je, motokari hii inastahili kutengenezwa? Harusi moja inaleta dola 100, ukitoa esanse na dereva zinabaki karibu 70. Harusi 27 na deni limekwisha. Kila Jumamosi ikipata kazi, ni miezi sita hivi. Mwenzetu aliandika pia mpaka wake kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: kama bwate yenyewe itakufa, au bodi ikianza kuoza, ataiuza siku hiyo hiyo, kwa bei aliyoichagua yeye na si ya garaji. Tunawashauri kila mmoja aandike mpaka wake kabla motokari haijaharibika. Ukiwa katikati ya garaji, moyo unasema maneno mengi.

Jumamosi ya pili baada ya kazi, motokari ilikwenda Likasi, kilomita 120, na maharusi. Ilirudi usiku, imesimama sawa pande zote nne. Asubuhi mwenzetu alipima kwa vidole: vinne, vinne, vinne, vinne.

Maneno ya kubeba mkononi

Kateni sehemu hii, muiweke ndani ya kitabu cha motokari. Inafaa kwa Mercedes, kwa Lexus, hata kwa ile Toyota ndogo ya nyumbani.

1. Usisaini siku ile ile. Motokari iliyosimama haikuli makuta usiku mmoja.

2. Omba devi mstari kwa mstari, piesi na kazi ya mkono kila moja na bei yake. Jumla peke yake si devi.

3. Kwa kila mstari sema neno moja: "Nionyeshe." Ufa, uvujaji, unene, kipimo. Kisichoonekana wala kupimika, waulize wamekijuaje.

4. Valizi inaonyesha mahali panapouma, haionyeshi piesi iliyokufa. Ni kama joto la mtoto: laweza kuwa malaria, laweza kuwa jino. Baada ya valizi lazima mtu aangalie kwa macho.

5. Uliza: "Nikingoja mwezi mmoja, nini kitatokea?" Panga majibu kwa mafungu matatu. Kinachoua watu: freni, pine, usukani. Hicho hakingoji. Kinachoua motere: mafuta, maji ya radiatere, kupanda kwa joto. Hicho kinafuata. Kinachobaki kinaweza kungoja zamu yako ya likelemba.

6. Omba piesi za zamani zirudi mikononi mwako. Fundi aliyebadilisha kweli hatakuwa na shida kukupa.

7. Soma kitabu cha motokari kabla ya kwenda. Kiko kwa Kifaransa cha kawaida, na yeyote kati yetu aliyefika darasa la sita anaweza kumsomea mwenzake.

8. Kama garaji inataka kununua motokari iliyokuambia imekufa, chukua funguo zako, uaga kwa heshima, nenda.

Sisi tunajua kuchagua. Sokoni hatununui kikwembe bila kukishika na kugeuza upindo, na hatununui furushi la tomati kwa kuangalia zile za juu tu. Garaji ni soko kama masoko mengine, ila limezoea wateja wasiogeuza kitu.

Papa wa Katuba amekubali kuja kwenye mkutano wetu wa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mama mwenye devi ambayo haelewi ailete, hata kama motokari ni ya bwana au ya kaka. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari.